Saizi Aliyoichagua Mumewe

"Usigeuke. Inua mkono kidogo tu, usijiumize."

"Mume wangu, nitachelewa shule."

"Watakusubiri. Kimebaki kifungo kimoja... haya, jitazame sasa."

Filimbi akageukia kioo cha kabati huku amekaza meno, akisubiri pale chini ya kwapa pamchome kama kawaida. Hapakuchoma. Akainua mkono wa kulia, akainua wa kushoto. Akaruka mara moja papo hapo kwenye zulia, kwa woga, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu. Hakuna kilichobana, hakuna kilichomwagika pembeni, wala mkanda haukumpanda mgongoni.

"Haina waya!" akasema.

"Haina. Na ndani ni pamba tupu. Si nilikwambia uniachie mimi?"

Filimbi akamkumbatia, akaangua kilio kama mtoto.

Usimcheke. Ngoja nikueleze kwa nini mwanamke mzima alilizwa na sidiria. Filimbi ni mwalimu wa michezo, na jina hilo alipachikwa na wanafunzi wake kwa sababu filimbi haimtoki shingoni. Saratani ilimkuta kwenye titi moja, madaktari wakaona la pili nalo liko hatarini, yakaondolewa yote mawili. Baadaye akajengewa mengine upya kwa vifuko vya silikoni. Siku ya kuchagua, daktari alimwekea mezani kifuko kikubwa na kidogo. Filimbi hakusita. Tangu usichana alikuwa na kifua kizito kilichomuumiza mgongo kila akikimbia na watoto, kwa hiyo akashika kile kidogo na kusema, "Ugonjwa umenichukulia mengi, daktari. Angalau unipe wepesi." Mumewe alikuwepo, akatabasamu.

Alipozinduka baada ya upasuaji, kifua kilikuwa kikubwa. Muuguzi akamwambia ni kuvimba, kutashuka. Mumewe naye akamwambia kutashuka. Basi Filimbi wa watu akawa anazunguka madukani kama pia, ananunua sidiria ya kile kifua kidogo alichokichagua, anaivaa akisubiri kishuke. Hakishuki. Zikawa zinamchubua makovu, jioni anavua na kukuta michirizi myekundu. Wauza duka walimshauri achukue kubwa, akawajibu, "Ya nini? Hii ni kuvimba tu." Mikono yake ilikuwa haijapata nguvu ya kufika mgongoni, hivyo mumewe ndiye aliyemfunga kila asubuhi na kumfungua kila jioni, na kumpaka dawa palipochubuka. Ndugu walimsifu. Mwanamume wa namna hii, walisema, hata kwa dawa humpati.

Asubuhi hiyo, kabla ya kuingia uwanjani, Filimbi alimwandikia dada yake:

"Dada, nimepata! Imenikaa kama nilizaliwa nayo."

Jibu likaja: "Sidiria au mume?"

"Vyote 😂"

"Basi nenda ukanunue nyingine kabla hazijaisha. Mume hana haja ya akiba."

Ushauri ulikuwa mzuri. Mfuko wa ile sidiria ulikuwa na jina la duka, tena duka lenyewe lilitazamana na studio ya mumewe, maana mumewe ni mpiga picha. Ndilo duka pekee ambalo Filimbi hakuwahi kuliingia. Kila alipolitaja mumewe alisema, "Achana na yule mama, ana mitumba ya miaka ile." Alipotoka kazini akaingia.

Mwenye duka, mama mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni, mtaa mzima unamwita Mama Sidiria na yeye huitika.

"Karibu mwanangu. Usiniambie saizi, naiona toka mlangoni."

"Nataka kama hii niliyovaa. Alininunulia mume wangu, yule wa studio."

Mama Sidiria akapiga makofi. "Kumbe ndiye wewe! Pole na yaliyokupata. Na hongera kwa mume. Mimi namtolea mfano kwa wanaume wote wanaokuja kunibania hapa."

"Amefanya nini tena?"

"Hizi za waliopasuliwa siziweki dukani, naagiza mteja akiomba. Yeye alikuja kuagiza kabla hata hujalazwa! Nikamwambia baba, subiri mwili upone, ndipo tuupime. Akasema, 'Mama, wewe agiza. Saizi atakayotoka nayo naijua.'"

Filimbi akacheka kidogo, kicheko cha kutoelewa.

"Kabla sijalazwa? Aliagiza saizi hii hii?"

"Hiyo hiyo uliyovaa. Alinionyesha picha yenu ya harusi, akasema mke wangu atarudi hivi."

"Haiwezekani, mama. Mimi nilitakiwa nitoke mdogo."

"Mdogo?" Mama Sidiria akaacha kukunja alichokuwa akikunja. "Mwanangu, mimi sijui ya hospitali. Ninachojua mzigo ulifika ukiwa bado wodini, akachukua. Nikamuuliza mbona humpelekei? Akasema atakuvalisha ukishazoea."

"Nikishazoea nini?"

"Mimi nilidhani kidonda."

Filimbi akatafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea kaunta. Sidiria ile ile iliyomliza kwa furaha asubuhi ikawa inamuwasha mwili mzima, ingawa haikuwa imembana popote. Akatoa simu akampigia daktari.

"Daktari, ni mwalimu. Naomba unijibu kitu kimoja tu. Uliniwekea kifuko kipi?"

"Kile kikubwa, mwalimu. Kama ulivyotaka baadaye."

"Nilivyotaka lini?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Mume wako alikuja ofisini kwangu, wiki ile ya kulazwa. Alisema umebadili mawazo ila unaona haya kuniambia, baada ya kung'ang'ania kile kidogo. Asubuhi ya upasuaji nikakuuliza, 'Tunakwenda kama tulivyozungumza na mzee?' Ukaitikia kwa kichwa."

Filimbi akaikumbuka asubuhi ile. Mumewe alimshika mkono, akaubana, akajibu yeye kwanza: "Ndiyo daktari, kama tulivyozungumza." Yeye alikuwa anatetemeka, anawaza kama ataamka au hataamka. Angeambiwa aitikie jina la jirani angeitikia.

"Sikubadili mawazo, daktari. Hata kwa dakika moja."

"Mungu wangu." Sauti ya daktari ikashuka. "Nilipaswa kukuuliza wewe, peke yako, uniambie kwa mdomo wako. Nilimwamini kwa sababu alikuwa akija kila siku. Hilo ni kosa langu, silikwepi. Njoo kesho, tuone la kufanya."

Filimbi akavuka barabara. Mumewe alikuwa anapangusa lenzi kwa kitambaa, studio haina mteja. Alipomwona akafungua mikono.

"Mwalimu wangu! Imeshindaje?"

"Imeshinda vizuri. Nimetoka kwa Mama Sidiria."

Mikono ikashuka.

"Huyo mama anaongea sana."

"Na daktari je? Naye anaongea sana?"

Mpiga picha akaiweka lenzi chini kwa uangalifu, kama vile ndiyo iliyokuwa hatarini. "Kaa kwanza, mke wangu."

"Nimekaa vya kutosha. Ulikwenda kwa daktari au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukasema mimi nimekutuma."

"Nilikuwa naogopa!" Sauti ikamkatika. "Wewe hukujiona. Nywele zimekwisha, umekonda, hucheki. Nikasema jamani, angalau kitu kimoja kirudi kama zamani. Nilimtaka mke wangu niliyemuoa."

"Na mimi niliyekuwa kitandani nilikuwa nani?"

Mpiga picha akaichukua tena lenzi, akaanza kuipangusa.

"Nakuuliza wewe. Yule uliyemshikia beseni akitapika alikuwa nani? Mgeni wako?"

"Usiseme hivyo. Nilifanya kwa mapenzi."

"Sawa. Ulifanya kwa mapenzi. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu nikaamka. Nikakuuliza mbona kikubwa, ukasema ni kuvimba. Nikarudi na sidiria ya kwanza ikanichubua, ukanipaka dawa, ukasema kutashuka. Ya pili, ya tatu, sijui ya ngapi, kutashuka, kutashuka. Kila asubuhi unasimama nyuma yangu unanifunga kitu unachojua hakinitoshi na hakitanitosha, na ile inayonitosha umeificha! Ulikuwa unawaza nini nyuma ya mgongo wangu, mume wangu? Ulikuwa unanihurumia au ulikuwa unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka, haki ya Mungu!" Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli, tusimsingizie. "Kila siku nilitaka kukwambia. Nikikuangalia nashindwa. Nikasema utazoea, uvimbe utausahau, ndipo nikupe. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo. Kama ulivyomwambia daktari."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, kichwa amekiinamisha. Filimbi akamtazama na, la kuudhi zaidi, akatamani kumshika bega. Miaka yote ile haifutiki kwa mchana mmoja. Huenda angemshika kweli, kama mwenzake angenyamaza.

Lakini mpiga picha akainua uso, akajipangusa, akasema, "Ila kwa haki, mke wangu, hebu jitazame. Si umependeza? Sidiria imekukaa au haijakukaa?"

Mkono wa Filimbi uliokuwa njiani ukarudi.

"Imenikaa," akasema. "Ndiyo inayoniuma kuliko zote."

Akatoka. Alipofika kona ndipo alipolia, amempigia dada yake, hawezi kueleza kitu kikaeleweka.

"Nimekuelewa nusu," dada akasema. "Hiyo nusu inatosha. Uko wapi? Usiondoke hapo, nakuja."

Usiku alilala kwa dada. Asubuhi simu ilikuwa imejaa.

"Mke wangu naomba tuongee."

"Usichukue uamuzi ukiwa na hasira."

"Kupasuliwa tena ni hatari, unajua? Nifikirie na mimi."

Dada alisoma kwa juu ya bega. "Amfikirie na yeye! Huyu mtu uso wake umeumbwa kwa chuma?" Filimbi akacheka, kisha akakasirika kwa kucheka.

Hospitali walimkuta mpiga picha ameshafika, amevaa shati alilopenda mkewe. Jina lilipoitwa akasimama naye, akaingia naye, akavuta kiti kama alivyozoea. Daktari akafungua jalada na, kabla hajasema neno, mpiga picha akaanza.

"Daktari, sisi tumeona kwamba kwa sasa..."

"Samahani, baba," daktari akamkatiza. "Naomba utupishe."

"Mimi ni mume wake."

Daktari akamgeukia Filimbi. "Mwalimu, unataka abaki?"

Filimbi akamtazama mtu wake: lile shati, yale macho mekundu ya kukosa usingizi. Kumpenda alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira.

"Sitaki. Atoke."

Mlango ulipofungwa, daktari alimweleza yote bila kumficha: inawezekana kubadilisha, kuna hatari hizi na hizi, atakaa nyumbani majuma kadhaa, makovu yatakuwa yale yale. Hata kubaki hivi si vibaya, zipo sidiria za kumfaa, amekwisha kuiona moja. Akamruhusu aulize. Filimbi akauliza hadi maswali yakaisha.

"Sasa niambie wewe. Kwa mdomo wako."

"Nataka kile kidogo nilichokishika mwanzo. Naogopa kupasuliwa, lakini nakitaka."

"Rudia tena, tafadhali. Safari hii nataka nisikie mara mbili."

Akarudia, safari ya pili kwa sauti ya uwanjani.

Mpiga picha alikuwa amesimama kwenye korido, mgongo ukutani. Dada alikuwa amekaa benchi la mbali, anamtazama kama mlinzi wa benki.

"Umeamua?" mpiga picha akauliza Filimbi alipotoka.

"Nimeamua."

"Basi nitakuwepo. Nitachukua ruhusa, nitakuuguza mimi, nitakufunga, nitakufungua. Nipe nafasi hiyo tu, mke wangu. Mimi si ndiye niliyekuwa na wewe muda wote?"

"Ulikuwepo. Sikatai. Dada atachukua nguo zangu leo jioni, tafadhali usiwepo."

"Yaani unaniacha? Kwa sababu ya saizi?"

Watu wawili kwenye foleni wakageuka. Filimbi hakupandisha sauti.

"Tangu nilipougua nimeshikwa na watu wengi hapa ndani. Wa kupima presha, wa sindano, wa kubadilisha bandeji, watu wasionijua hata jina. Kila mmoja alisema, 'Samahani, naomba nikuguse.' Kila mmoja. Wewe uliyenioa ndiye peke yako hukuniuliza."

Dada akasimama, akachukua mkoba wa mdogo wake. Wakaondoka wawili kuelekea dirisha la kupangiwa tarehe ya kulazwa, na foleni ilikuwa ndefu, wakasimama.