Mgeni wa Korongoni

Gari lilikuwa la kuazima, na ndiyo maana Ameir hakushtuka mapema. Walikuwa wameliacha korongo nyuma yao kama dakika kumi, jua la saa saba likiwapiga usoni, kengele ya mkanda ilipoanza kulia. Ti, ti, ti. Kwenye dashibodi kikawaka kile kijitaa chekundu cha mtu aliyeketi, maana yake abiria wa mbele hajajifunga. Lakini mbele hapakuwa na abiria. Samira alikuwa kiti cha nyuma na binti yao Tumu, ambaye barabara zenye kona humchafua roho.

"Umeweka nini hapa kitini?" Ameir aliuliza.

"Sijaweka kitu, Baba Tumu."

Ameir akakipapasa kiti. Kilikuwa kitupu, ila cha moto, moto wa jiwe lililoshinda juani, ingawa kipoza hewa kilikuwa kinavuma tangu walipoondoka. Akauvuta mkanda akaufunga juu ya hewa. Kengele ikanyamaza. Wakacheka wote watatu, wakaendelea na safari mpaka Johannesburg.

Ilikuwa wikiendi ndefu ya mwisho wa Aprili. Ameir, mtu wa Unguja, huendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja la Midrand, na wenzake kazini walikuwa wamekwenda kujirusha kwenye mji wa kasino, mwendo wa saa mbili na ushei. Kamari si mambo yake. Lakini mmoja alimwambia kwamba nyuma ya ule mji, kwenye nchi kame isiyo na hata kijito, kuna korongo zuri ambalo watu hulitembea kwa miguu. Samira, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekaa miaka miwili ya karibuni akishona mapazia kwenye fleti yao ya Joubert Park bila kutia pua nje ya jiji. Alikubali kabla mumewe hajamaliza kusema.

Kwenye lango la korongo walimkuta mlinzi wa njia, Mtswana wa makamo, aliyewapa maagizo mawili tu. Watoke kabla jua halijafika utosini. Na chakula wale huku juu, si kule chini. Ameir alidhani ni mambo ya takataka, akaitikia kwa heshima na kuyasahau. Picha zikawachelewesha. Saa sita ikawakuta chini kabisa, kuta nyekundu zimewabana pande zote mbili na Tumu analia njaa. Samira akatandika kanga juu ya jiwe bapa, akatoa chapati na kuku.

Ndipo waliposikia mtu anakuja. Nyayo zilikuwa zinasaga kokoto nyuma ya kona, polepole, zinaelekea kwao.

Sasa hapa ndipo tulipo sisi watu wa pwani na adabu zetu. Mwingine angeinua macho, akasubiri amwone mtu kwanza. Samira alilelewa kwamba chakula hakiliwi huku mtu anapita asiitwe, na kwamba kuita mara moja si kuita, ni kujitoa lawamani. Basi akaita. "Karibu!" Nyayo zikasimama. "Karibu tule, usione haya!" Nyayo zikaanza tena. Naye, kwa raha ya kupata mgeni mahali kama pale, akaongeza la tatu: "Pita tu, kwetu ni kwako!"

Nyayo zikapinda kona. Hapakuwa na mtu. Zikaja mpaka kwenye ukingo wa kanga na kukoma, na ule upande wa kanga ukabonyea kidogo.

Tumu, aliyezaliwa Johannesburg na ambaye miaka yake yote saba hujibu Kiswahili cha mama yake kwa Kiingereza, akauliza kwa Kiingereza chake Mama anaongea na nani.

"Upepo," alisema Samira. Alikifunga chakula ndani ya kanga, wakaondoka.

Majumba ya Joubert Park maji hukatika bila taarifa, kwa hiyo kila nyumba ina ndoo zake. Za Samira ni nne, bafuni, na Jumatatu ile waliyorudi alizijaza mwenyewe kabla ya kulala. Asubuhi alizikuta kavu. Si kwamba zilimwagika, kwa maana sakafu nayo ilikuwa kavu. Ndani ya kila ndoo, kwenye kitako, palikuwa na vumbi jekundu, laini, unene wa kucha.

"Zimetoboka," Ameir alisema akivaa viatu.

"Zote nne?"

"Mama Tumu, mie nachelewa kazini."

Adhuhuri, Samira akiwa kwenye cherehani, alisikia mtu anatembea ukumbini. Sakafu yao ni ya vigae, lakini nyayo zilikuwa zinasaga kokoto. Alipoinua mguu kwenye kanyagio, nazo zikanyamaza. Alipoanza kushona, zikaanza. Harufu ya jiwe lililochomwa na jua ikajaa chumbani, na jasho jembamba likamtoka mgongoni, akashona na kushona mshono ule ule mpaka uzi ukamwishia, kwa sababu aliogopa kugeuka.

Magharibi, Ameir ameketi mezani, Samira alipakua wali. Mumewe akamtazama kwa mshangao. Alikuwa amepakua sahani nne.

"Nani mwingine?" Ameir aliuliza.

Aliyejibu ni Tumu. Alijibu kwa Kiswahili, tena si kile cha kubabaisha anachosemeshwa na bibi yake kwenye simu, bali Kiswahili kilichonyooka, cha Tanga, chenye lafudhi ya mama yake hasa.

"Mgeni hajanawa, mama. Mletee maji."

Ameir akaacha kutafuna. "Mgeni gani, mwanangu?"

"Huyu aliyeitwa." Mtoto alikuwa anakitazama kiti cha nne. "Anasema ana kiu. Anasema kwao hapajanyesha tangu hapo."

Kuanzia usiku ule Tumu alikunywa maji. Alikunywa glasi, akanywa jagi, akaweka mdomo bombani, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokauka, midomo ikimpasuka, ngozi ya mikono ikijikunja na kubaki imejikunja ukiibana, na alipolia halikutoka chozi hata moja. Jumatano walimkimbiza hospitali. Daktari alisema mtoto amekaukiwa maji, akamtundikia dripu tatu, zikaingia zote, na alipompima tena akaduwaa na kuita mwenzake. Hawakuona ugonjwa. Alhamisi Samira alimrudisha nyumbani mgongoni, na uzito wake ulimliza njiani, kwa kuwa aliwahi kubeba majora ya vitambaa mazito kuliko mwanawe.

Jirani yao wa ghorofa ya chini, Clémentine, msusi kutoka Bukavu, ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja kusali, akamshika Tumu mkono, akauachia upesi.

"Mama Tumu, huyu mutoto anachoma sawa jiwe," alinong'ona. "Mimi ni mutu wa kanisa, nimesali, lakini hii haiko malaria. Iko mutu ndani ya nyumba yenu. Minamusikia anatembea kila siku kule yulu yangu, nilizani ni Baba Tumu."

"Baba Tumu yuko kazini mchana kutwa."

"Eish," alisema Clémentine, na hakukaa tena.

Ijumaa baada ya sala Ameir alimleta Mwadini. Alikuwa Mpemba mfupi, mlinzi wa geti kwenye makazi ya matajiri kule Midrand, na siku zake za mapumziko huwasomea watu. Alikuja na sare zake za kazi, kwani alitoka zamu moja kwa moja. Aliketi kando ya kitanda cha Tumu, akaweka glasi ya maji mbele yake na kuanza kusoma. Maji yakaanza kushuka glasini, taratibu, hakuna aliyeyagusa, na nyayo zikawa zinazunguka kitanda, krak, krak, mara nyuma ya Mwadini, mara nyuma ya Samira, karibu mno hata akahisi joto lake shingoni, vinyweleo vikamsimama, naye asiweze kupiga kelele wala kusogea, mpaka glasi ilipobaki na vumbi tupu na midomo ya Tumu iliyopasuka ikafunguka na kutoa sauti ya Samira mwenyewe, ile ile ya korongoni, yenye furaha ya kupata mgeni.

"Pita tu, kwetu ni kwako!"

Mwadini akafunga kitabu. "Bi Samira. Huyu umemkaribisha wewe?"

Samira akasimulia yote, hata vile alivyoita mara tatu. Mwadini alisikiliza, ameinamisha kichwa.

"Mie pale getini nina kazi moja," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni akija, nampigia mwenye nyumba. Akisema ni wangu, apite, basi mie sina tena uwezo wa kumtoa, hata nikimwona anang'oa milango. Wa kumtoa ni yule aliyemwita. Huyu hakuvunja mlango kwenu, dada. Ana ruhusa. Nikimsomea mpaka kesho atanitazama tu."

"Basi niambie nimfukuze vipi."

"Usimfukuze! Mgeni ukimkirimu kisha ukamfukuza, huondoka na kilichompendeza." Wote watatu walimtazama Tumu. "Msindikize. Mrudishe pale mlipokutana, saa ile ile, wewe na mguu wako, peke yako. Ukifika kwenye kona, simama, mwambie mwisho wangu hapa. Kisha geuka uje zako. Atakuaga. Ataaga vizuri, kwa adabu, mpaka umwonee huruma. Usimjibu hata kwa kichwa. Mkishaagana vizuri mmekuwa jamaa, na jamaa hutembeleana."

"Na mtoto?"

"Mtoto hana siku mbili," alisema Mwadini, naye machozi yakamlengalenga.

Jumamosi, saa sita kasoro, gari lilisimama langoni. Ameir na Mwadini walibaki na Tumu, aliyelala kiti cha nyuma amefumba macho, anahema kwa shida. Samira alimbusu, midomo yake ikakwaruzwa na ngozi kavu ya paji la uso. Akafungua mlango wa mbele, akasema kama anavyosema mwenye nyumba yeyote, "Haya, nikusindikize," na kitu kikashuka.

Alishuka korongoni peke yake. Hakuwa peke yake. Penye mchanga aliziona nyayo zikijichora kando ya zake, ndefu, zenye vidole vilivyotanuka, moja kwa kila hatua yake, na aliposita kwa hofu nazo zilisita, kwa kuwa mgeni mwenye adabu hamtangulii mwenyeji wake. Hakuthubutu kukimbia. Alitembea huku anasoma kila alichofundishwa chuo cha Kurani utotoni, akikosea na kurudia, kuta zikizidi kumbana, jua likipanda utosini na kivuli chake kikifupika mpaka kikawa chini ya miguu, na ndipo alipoona kwamba kulikuwa na kivuli kingine, kirefu, kimelala mchangani mbele yake saa ile ambayo hakuna kitu duniani chenye kivuli kirefu, na kivuli hicho kilikuwa kimeshika mkono wa kivuli kidogo.

Alitaka kuita jina la mwanawe, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Hatua thelathini. Ishirini. Lile jiwe bapa, kisha kona.

"Mwisho wangu hapa," alisema, na sauti yake haikufika mbali.

Akageuka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Nyuma yake kokoto hazikulia. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu, iliyojaa shukrani.

"Umenilisha, mama. Umeninywesha. Miaka mingi watu wanapita hapa, hakuna aliyenitazama, wewe ukaniita."

Samira akang'ata upindo wa kanga, akaendelea kutembea. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mwadini alisema kweli, alimwonea huruma.

"Ningetaka kukaa. Lakini nimekuona unavyompenda."

Hatua nyingine. Nyingine.

"Mwanao huyo, nimekuachia."

Na wakati huo huo, kutoka juu kabisa langoni, sauti ikashuka kwenye kuta za korongo, ya mtoto analia kwa nguvu, kilio kilicholowa, cha makamasi na machozi, na katikati ya kilio Tumu alikuwa anamwita mama yake kwa Kiingereza chake cha Johannesburg. Samira alisimama. Moyo ulimfunguka wote kwa mara moja, hofu ya siku tano ikamtoka, na hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alikuwa mama aliyerudishiwa mtoto wake.

"Karibu na wewe kwangu," ilisema sauti.

"Ahsante," alisema Samira.

Neno lilikuwa limeshatoka. Halafu nyuma ya kona akasikia kitu kinakung'utwa vumbi, kisha kinatandikwa juu ya jiwe, taratibu, na mikono inakinyoosha huku na huku, jinsi mtu anavyotandika mkeka anapomtarajia mgeni.

Alikimbia mpaka juu bila kuangalia nyuma. Tumu alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari, anakunywa maji chupani na kulia kwa pamoja, mashavu yamelowa, na Ameir amemkumbatia anacheka na kulia naye. Samira akamchukua, akamnusa kichwani. Harufu ya jasho la mtoto tu.

Mwadini alimsogelea, akamtazama sana usoni.

"Aliaga?"

"Aliaga."

"Na wewe hukumjibu?"

Samira akamkaza mwanawe kifuani.

"Sikumjibu," alisema.