Masele Mwenyewe

Mara ya kwanza Aneth alidhani ni uchafu wa kioo cha kompyuta. Akafuta kwa ncha ya kitenge, doa halikutoka. Pichani, nyuma ya bega la Masele, palikuwa na mtu.

Dukani kwake pa kuchapa picha, mtaa wa Kambarage, hapakuwa na mteja mwingine ila Mama Masele, aliyekaa kwenye stuli tangu asubuhi. Mwanawe Masele alifukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu huko Geita, mwili haukupatikana, na simu yenye picha zake zote ilikwenda naye. Kesho msalaba ungesimikwa juu ya kaburi lenye nguo tu, na mama alitaka sura ya kubandika hapo. Basi akawa anaeleza, Aneth anaandika, akili mnemba inachora.

Inachora upuuzi! Kuna namba ya kuiambia kompyuta ifuate maelezo kwa kiasi gani. Aneth aliiita utii. Kwenye tatu ilijifanyia itakavyo, ikamvisha Masele suti. Kwenye ishirini ilishika kila neno mpaka rangi zikaungua. Kwenye saba sura ilikuja vizuri, ila na yule mtu. Tisa, akasogea. Kumi na mbili, akawa amemshika Masele bega kwa mkono mrefu mno, mweusi wa tope, na mle dukani, mchana kweupe, kukaanza kunuka udongo mbichi, harufu ya shimo lisiloona jua, ikampanda Aneth kutoka miguuni mpaka kooni.

"Mashine ya kishenzi hii," alifoka, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Ulivyosema, mama. 'Masele mwenyewe, mbele ya duara.'"

Mama akamziba mdomo. "Nimekosea mimi," akanong'ona. "Wachimbaji hawalitamki neno hilo karibu na duara. Mwenyewe ndiye jini, mwenye dhahabu yote ya chini."

Aneth akalifuta upesi, akachora upya. Masele akatoweka. Yule mwingine akabaki, anawatazama.

Aneth alitaka kulia kwa hasira. Siku nzima kazini, kumbe kuna kitu kinamchezea!

"Rudisha neno," mama alisema polepole. "Chapa wakiwa wote wawili. Angalau nimjue anayekaa na mwanangu."

Printa ikakoroma, ikatoa karatasi. Masele alikuwa peke yake, anacheka, bega halina mkono. Mama akaibusu, akalia, akashukuru, akaenda zake.

Aneth akageukia kioo; hata pale yule mtu hakuwepo tena. Harufu ya udongo haikuondoka na mama, na ile stuli tupu ikalia, kama inavyolia mtu mzito anapoikalia.