Ukuta Ulioangukia Barabarani

Marehemu alilala kifudifudi mbele ya mlango wa duka lake la ushonaji, matofali yamemfunika mgongo mzima. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado umemning'inia shingoni.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja. Ukuta mfupi uliozunguka paa lake ulikuwa umeporomoka upande wote wa mbele, na pale mtaani kila mtu alikuwa na jibu moja: upepo. Tangu asubuhi ulikuwa umevuma kama uliotumwa, ukang'oa mabati na kuvunja matawi.

Mume wa marehemu, mwalimu wa sekondari, alifika mbio kutoka darasani. Hakulia. Alimwomba Inspekta ruhusa ya kumfunika mkewe miguu, kwa kuwa hakupenda watu waione. Inspekta, aliyezoea maiti, alimpisha na kutazama kando.

Kaka yake marehemu, fundi mwashi aliyelijenga jengo hilo, alikuwa ameketi kando ya barabara. Alisema alikuwa nyumbani kwake, habari zikamfikia kwa simu.

Mhandisi wa manispaa aliitwa kukagua. Alilizunguka jengo, kisha akasimama chini ya bango la duka.

"Upepo ulitokea huku barabarani, ukalipiga jengo usoni," alisema. "Ona bango lilivyojikunja kuelekea ukutani."

"Kwa hiyo?"

"Upepo wa namna hiyo huusukuma ukuta wa mbele kutoka nje, na ule unaopita juu huuvuta kwa nyuma. Nguvu zote zinakwenda upande mmoja. Ungeanguka juu ya paa, Inspekta. Si barabarani."

Walipanda juu. Kwenye mstari wa chini wa matofali, upande wa paani, walikuta alama mbichi za mtaimbo. Mhandisi akaonyesha jambo jingine: ndani ya ukuta ule hamkuwa na nondo hata moja. Ulisimama kwa saruji tu.

Kufuli la mlango wa paa lilikuwa zima. Mwalimu alieleza kwamba funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulipatikana mfukoni mwa marehemu. Mwingine alikuwa nao shemeji yake, yule fundi, ambaye hupanda kuzibua mifereji.

"Lakini shemeji hawezi," Mwalimu alisema. "Ndiye aliyemlea mke wangu."

Kituoni, Inspekta alimkabili fundi akiwa amejiandaa kusikia habari za urithi au chuki ya kifamilia.

"Ufunguo wa paa uko wapi?"

Fundi alipapasa mfuko, akaacha.

"Ukuta umesukumwa kwa mtaimbo, Fundi. Upepo ulikuwa unavuma kinyume. Nani alikuwa juu?"

"Mimi."

Alieleza huku akiitazama meza. Alipojenga aliharakisha, akaweka matofali matupu pale palipotakiwa nondo, akamwambia dada yake zimo. Dada akaamini, akawa anamsifia kwa majirani: kaka yangu halipui kazi. Hivi karibuni Fundi alipanda kusafisha mifereji akaona ufa umetambaa ukuta mzima. Ukisukumwa kwa mkono, unacheza. Akakosa usingizi. Kumwambia dada ukweli akashindwa, uso angeuweka wapi? Upepo ulipokuja aliona Mungu amempa njia ya kutokea: auangushe mwenyewe barabara ikiwa tupu, lawama zibaki kwa upepo, kisha ajenge mwingine ulio imara, bure.

"Kwa nini hukuungoja upepo wenyewe?"

"Niliogopa uanguke kuna watu chini." Aliinua macho. "Nilichungulia. Hapakuwa na mtu. Duka lilikuwa limefungwa."

"Alikuwa ndani."

"Sikujua. Nilikuwa nimeshaukandamiza mtaimbo, ukuta umeanza kwenda, ndipo nikasikia mlango."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Alitoka kufanya nini katika upepo ule?"

Fundi alijifunika uso kwa viganja.

"Alisikia kishindo juu, akajua ni mimi. Alitoka kuniita. Alisema, 'Kaka, shuka huko, upepo utakuangusha.'"

Konstebo aliyesimama mlangoni aligeukia ukutani.