Bata Aliyerudi Nyuma

Kila siku baada ya masomo, Kijino alikimbilia chumba cha kompyuta ili aiwahi mashine ya dirishani, kwa maana zile nyingine zilikuwa zikizimika ovyo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya pengo lake la mbele, naye hakujali. Alikuwa akitengeneza filamu fupi ya bata anayewavusha vifaranga wake barabara. Bata na vifaranga aliwaunda yeye. Barabara na nyumba ziliundwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, msichana aliyeitwa Twiga kwa urefu wake.

Kompyuta iliwatolea picha moja moja, na katika kila picha bata alikuwa amesogea kidogo tu. Ilibaki kuziunganisha ziwe video.

Maonyesho ya shule yalipokaribia, mama yake Kijino aliugua ghafla, ikambidi binti abaki nyumbani kumlea mdogo wake. Akampa Twiga flashi yenye picha zote.

"Zibadilishe namba kwanza," alimwagiza. "Weka sifuri mbele ya namba ndogo. La sivyo, kompyuta itaiweka picha ya kumi kabla ya picha ya pili."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Niachie mimi."

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika wazazi. Taa zikazimwa. Kwenye skrini likatokea jina la mtengenezaji, la Twiga. Kijino, aliyemwomba jirani amwangalie mama na mdogo wake ili aje kutazama, akangoja lake lifuate. Halikufuata.

Badala yake akatokea bata. Alipiga hatua, akaruka hadi katikati ya barabara, kisha akajikuta tena pale alipoanzia. Watu wakaangua kicheko.

"Huyo kasahau funguo nyumbani!" baba mmoja alisema.

Mwalimu wa kompyuta akaisimamisha video. "Twiga, kuna nini?"

Twiga akainamisha kichwa. "Si mimi, mwalimu. Picha ni za Kijino. Yeye ndiye aliyezikosea."

Kijino alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Kwenye sifa alisahauliwa. Kwenye lawama akakumbukwa upesi. Na aliyemfanyia hivyo alikuwa mtu ambaye yeye alimwachia kazi yake yote bila kufikiri mara mbili. Alitamani kutoka mbio. Badala yake akasimama.

"Mwalimu, naomba niirekebishe."

Wanakwaya wa shule wakaimba huku yeye akizipanga namba na kuziunganisha picha upya. Safari hii bata alivuka taratibu, vifaranga wakimfuata mmoja mmoja. Makofi yakalipuka. Mwishoni yakatokea majina mawili.

Nyuma ya pazia, Twiga alikuwa akilia. "Mbona umeliweka jina langu?"

"Kwa sababu barabara uliitengeneza wewe. Umesema uongo, lakini mimi siwezi."

"Nisamehe, Kijino."

"Nitakusamehe. Ila si leo. Leo inauma."

Mwalimu, aliyekuwa akikunja nyaya karibu nao, hakuwalazimisha kupeana mikono.

"Twiga," alisema kwa upole, "ulipolifuta jina la mwenzako, ulimwibia jasho lake. Ulipomtupia kosa lako, ulimwibia na heshima. Kesho utasimama mbele ya darasa useme ukweli wote. Baada ya hapo usimharakishe. Imani aliyokupa iliwachukua muda kuijenga, na itakubidi uijenge tena kidogo kidogo, kama picha za yule bata wenu."

Twiga akafuta machozi, akaitikia kwa kichwa. Kijino akachukua begi lake, akaenda nyumbani peke yake kumwangalia mama.