Boti Iliyoitikia Abee

Ndoo kumi na mbili za maji zilimiminwa kwenye boti, mchana kweupe, na chini yake vumbi halikulowa. Mwalimu Silvano aliligusa vumbi lile kwa kiganja mara nyingi. Hadi leo hajui maji yale yalikwenda wapi.

Boti yenyewe ilikuwa ya alumini, kuukuu, imebonyea ubavuni. Aliikuta imetelekezwa bondeni kando ya Ruvuma, na mwenyeji mmoja akamwambia aichukue tu. Alipoipandisha hadi kijijini kwake Mnyambe kwa lori la Fuso, jirani yake Tahiri alicheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, utavua samaki gani kwenye mikorosho?"

"Nimestaafu, Tahiri. Niache nichezee bati langu."

Kwa miezi miwili alinyoosha mabonyeo kwa nyundo ya mpira, akabadilisha ribiti zilizolegea kwenye maungio ya bati, akasugua ukoga mweupe kwa msasa. Binti yake wa miaka minane, Yuster, alipenda kukaa humo ndani akijifanya abiria. Kwa hiyo kazi ilipokwisha, Silvano aliandika ubavuni kwa rangi nyekundu: YUSTER.

Alitaka kumfurahisha mtoto, basi. Lakini jina lile halikuwa lake la kugawa. Lilikuwa la marehemu bibi wa mkewe, Isabela, na aliyempa mtoto ni Alfredi, kaka yake Isabela, kwa kuwa huku majina ya ukoo hutolewa na mjomba. Baba huyatumia tu.

Kesho yake akaijaza boti maji, aone panapovuja.

"Baba Yuster, hayo ndiyo maji yetu ya wiki," Isabela alilalamika. "Unajua bomba litatoa lini tena?"

Waliingia ndani kula. Walipotoka, boti ilikuwa kavu.

Jioni ile Yuster aliomba maji. Akanywa kikombe. Akanywa jagi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyeshinda juani bila kivuli. Hospitali walimpima kila walichoweza kupima, na vipimo vyote vikatoka safi. Mtoto alizidi kunywa. Alizidi kukauka.

Siku ya nne, saa sita mchana, Isabela aliita kutoka jikoni.

"Yuster!"

"Abee," mtoto akaitikia chumbani, kwa shida.

"Abee," ikaitikia boti, uani.

Sauti ileile. Ila hii ilikuwa na afya.

Isabela hakupiga kelele. Alimshika mumewe mkono, akanong'ona, "Umeipa jina la bibi."

Silvano akachukua msasa. Akasugua. Rangi ikatoka. Herufi zikabaki. Akasugua hadi vidole vikachubuka. Herufi zilikuwa ndani ya alumini, kama zimezaliwa nayo. Jua lilikuwa kali, lakini bati chini ya kiganja chake lilikuwa na ubaridi wa ngozi iliyotoka kuoga.

Alfredi alifika kwa bodaboda kutoka kwake Lisekese. Hakumgombeza mtu. Alikaa kando ya boti kitambo kirefu, kisha akakaa kando ya mtoto.

"Shemeji, hukujua," alisema taratibu. "Lakini jina moja halibebi wawili, na boti imeshaitikia. Siwezi kuinyang'anya jina tena."

"Basi nifanye nini?"

"Wewe? Hakuna."

Yakaamuliwa haya: jina libaki kwenye boti, boti irudi mtoni, mtoto apewe jina jingine, aanze upya nalo, na akaishi Lisekese, kwa watu ambao ulimi wao hautateleza kumwita kwa lile la zamani. Aliyeyatekeleza yote ni Alfredi. Aliwaleta wanaume sita wa ukoo wake, wakaipakia boti kwenye gari, ikashuka bondeni. Kisha akampaka mtoto unga mweupe kwenye paji la uso, akamnong'oneza sikioni, "Veridiana." Mara tatu. Ya tatu mtoto akaitikia. Akaomba maji, akanywa kikombe kimoja, akakirudisha kikiwa na mabaki.

Isabela alilia kwa furaha.

Alfredi akampandisha mtoto kwenye bodaboda. Silvano akasogea kumuaga, akiwa na neno moja tu mdomoni, lile asiloruhusiwa kulitamka. Mtoto alimtazama kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomtazama mgeni aliyekuja kukagua shule.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Alfredi akageuza uso pembeni.

"Marahaba," Silvano akajibu.