Minara ya Lugembe

Siku mambo haya yalipoanza, mama yangu Zamda alikuwa ukumbini anachambua mchele, nami nilikuwa uani nafua, nikiimba kwa sauti ambayo majirani wa mtaa wetu wa Chemchem walishaizoea na kuisamehe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Arobaini ya babu Abbasi ilikwisha, masufuria ya kuazima yalirudishwa kwa wenyewe, na kilichobaki kilikuwa mirathi.

Niseme mapema kwamba mimi Swaumu si mtu wa kuona mashetani kila kona. Paka akilia juu ya bati, mimi nasema ni paka. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyompata mjomba Mfaume yalimpata mbele yangu.

Babu aliacha nyumba na minara ya kuchongwa. Nyumba ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaishi mimi na mama tangu baba afariki. Warithi walikuwa watatu: mama, mjomba Mfaume ambaye alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na mjomba Omari, kaka yao wa baba, aliyekuwa analima tumbaku huko Usinge. Mjomba Omari alituma ujumbe kwamba nyumba iuzwe, kila mtu achukue haki yake. Ulikuwa mwaka wa operesheni, malori yanasomba watu kuwapeleka vijiji vya ujamaa, na mjane asiye na kazi wala nyumba mjini alijua fika kwamba lori lingine litakuja kwa ajili yake. Mama hakulia. Asubuhi alikunja nguo zake na kuzifunga kwenye kanga, jioni akazifungua.

Ndipo mjomba Mfaume akaja na mpango wake. Minara ya ukoo ithaminiwe. Ikionekana ina thamani ya kutosha, Omari apewe hiyo, nyumba abaki nayo mama. Yeye mwenyewe hakutaka kitu. Alikuwa fundi wa taa za chemli na karabai pale sokoni, mwenye maneno mengi kuliko wateja. Mkewe wa mwisho alirudi kwao Kigwa akisema amechoka kuhutubiwa. Kidole gumba chake cha kulia kilipinda tangu karabai moja ilipomlipukia, naye alikionyesha kwa fahari kama askari anayeonyesha nishani. Nilimpenda sana mjomba. Nalisema hilo sasa maana mbele huko sitapata nafasi.

Minara yenyewe ilikuwa tisa, imechongwa kwa mninga, kila mmoja urefu wake ni wa toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Aliichonga Lugembe, baba yake babu, aliyekuwa kiongozi wa misafara ya pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani. Huko pwani aliona mnara unaowashwa taa juu ili vyombo vya baharini visipotee, na kila aliporudi nyumbani alichonga mmoja. Sisi watoto, tusioijua bahari, tulidhani ni misikiti. Juu ya kila mnara kulikuwa na kibakuli cha udongo chenye tundu la utambi, na tundu hilo limezibwa kwa nta ya nyuki. Chini ya kila mnara aliketi mtu mdogo wa mti huohuo, magoti kifuani, uso ameuinua kuitazama taa isiyowaka. Kila mmoja alikuwa na sura yake.

Mthamini alikuwa bwana mmoja aitwaye Tobias, aliyezunguka mikoani kununulia duka moja la Dar es Salaam vinyago. Tulimkaribisha chai. Aliigeuza minara mmoja mmoja, akaigonga kwa kucha, akainusa. Alisema kazi ni nzuri, ila vinyago vya mninga vimejaa kila mahali, havifikii hata thamani ya mlango wa nyumba hii. Kisha akauliza kama hizo taa zinawaka, kwa sababu taa ya zamani inayowaka ni habari nyingine kabisa.

Mama alitazama chini. Mjomba alisimama.

"Taa haipangiwi bei ikiwa imezimwa," alisema. "Hata dukani kwangu naiwasha kwanza, mteja aone."

Na kweli ndivyo ilivyo kwa wauza taa wote wa hapa kwetu. Chemli mpya haitoki dukani mpaka itiwe mafuta na kuwashwa, mnunuzi aone kama inatoa moshi. Mjomba alipasha msumari moto, akaitoa nta tundu kwa tundu, akapitisha tambi za pamba, akagawa mafuta ya taa niliyoyapata baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Aliwasha mmoja. Uliwaka vizuri, bila moshi. Akawasha yote.

Ilipendeza, siwezi kukataa. Tobias akataja thamani iliyomfanya mama ashike ukuta. Ilitosha haki ya Omari na kuzidi. Walipeana mikono, akaahidi kurudi na makreti wiki ijayo. Mjomba alicheza ngoma peke yake ukumbini, akamwambia mama afungue kile kifurushi cha nguo na asikifunge tena. Hakukuwa na upepo, lakini nilipokwenda kuzizima taa, ndimi zote tisa za moto zilikuwa zimelala kuelekea mlango wa nyuma.

Kesho yake, jua lilipoanza kuchoma, tulisikia hodi uani. Mtu alikuwa ameketi chini karibu na kisima, magoti kifuani. Alikuwa mkavu, ngozi imeshika mifupa, vumbi limempaka mwili mzima. Mama alidhani ni mmoja wa watu waliotoroka malori, akampelekea maji. Mtu yule aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa, na nikaona ardhi chini yake inalowa wakati huohuo anaomeza.

"Tumefika?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa zamani.

Mama akamjibu kwamba hapa ni Tabora. Mtu yule akatikisa kichwa taratibu, akauliza mwenye taa ni nani.

Mjomba alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Alidhani ni mteja. Mji mzima ulimjua kwa kazi hiyo, naye hakuwahi kuikataa sifa.

"Mwenye taa ni mimi," alisema.

Nilikwenda jikoni kuchukua uji. Niliporudi uani hapakuwa na mtu, na lango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mjomba alikuwa anajisugua bega la kulia. Alisema amelala vibaya.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwanamke, kovu la kamba shingoni. Naye aliuliza kama wamefika. Hakuulizia mwenye taa. Alimtazama mjomba tu, akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Mjomba akainama ghafla, kama aliyetwikwa.

Baada ya hapo hatukuhitaji kuambiwa. Nilichukua minara nikaitazama upya. Mtu wa mnara wa kwanza alikuwa yule mwanamume wa kisimani, mashavu yaleyale. Na kwenye mnara wa pili, shingoni mwa yule mtu mdogo, palichongwa kamba.

Mama alinivuta chumbani akafunga mlango. Aliongea akinong'ona, ingawa ulikuwa mchana mweupe. Alisema baba yake aliwahadithia habari hii walipokuwa wadogo, na siku zote waliisikia kama sifa ya Lugembe. Njiani, aliyeshindwa kutembea aliachwa, awe mpagazi au mateka, na mzigo wake akatwikwa mwingine. Viongozi wengine waliwaacha bila neno. Lugembe alikuwa na huruma. Aliinama, akamwambia mgonjwa: kaa hapa, nikifika nitakuwashia taa, uifuate.

"Akarudi nyumbani akawachonga," mama alisema. "Na taa akaziziba."

Tuliziba tena. Nta haikushika. Tuliiyeyusha, tukaimimina, ikaganda, na tulipoinua mkono ikadondoka kipande kizima. Shehe alikuja akasoma, akatoka jasho linamtiririka, hakutaka hata kahawa. Mjomba alitaka kuichoma minara. Aliiweka kwenye moto wa mkaa tangu adhuhuri hadi alasiri, na mkaa ukawa majivu, na mninga haukupata hata weusi.

Walikuja kila asubuhi, mmoja mmoja, saa ileile ambayo zamani misafara ilitua kambi kukwepa jua. Kila aliyekuja alitua mzigo wake kwa mjomba. Mjomba aliendelea kuinama. Begani paliota sugu nene, la rangi ya njano, sugu la mtu aliyebeba pembe miaka mingi. Hakuweza kuinua karabai. Maneno yalimwishia. Huyu mtu aliyewachosha wake zake kwa maneno, sasa alikaa kimya ukumbini, na nilipomletea chakula alinishukuru kwa macho. Nilimwomba aseme kwamba taa si yake, kwamba alikosea. Alijaribu. Alimwambia yule wa siku hiyo mara tatu. Hakuonyesha kwamba amesikia.

Siku ya mwisho walikuja wote tisa.

Niliwaona kupitia dirisha la jiko. Wameketi mstari mmoja, magoti kifuani, nyuso zimeinuka. Hakuna kuku aliyelia. Jua lilikuwa kali na hawakuwa na vivuli.

Mjomba alitoka. Alikuwa amejifunga kitambaa begani, kama wapagazi. Mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema hamwachi, liwalo na liwe. Mjomba aliutazama mkono ule muda mrefu.

"Nyumba ni yako, dada," alinong'ona. "Usifunge nguo tena."

Wakasimama. Wote kwa pamoja. Mjomba akatangulia.

Niliwafuata. Nilipita nyumba za mwisho, nikavuka reli, nikaingia njia ya zamani inayokwenda mashariki. Niliwaona mbele yangu, halafu nikaona vumbi, halafu vumbi likatua. Njia ilikuwa tupu. Nilitazama chini. Zilikuwapo nyayo za mtu mmoja tu, peku, zimezama ardhini kupita kifundo, na ardhi ilikuwa kavu kama tofali. Nyayo ziliishia katikati ya njia. Nilipiga kelele jina lake hadi sauti ikanikauka. Kisha nikarudi nyumbani kwa mama, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Tobias alirudi na makreti yake. Aliingia chumbani tulikoiweka minara, akatoka, akauliza kwa nini hatukumwambia kwamba upo wa kumi.

Ulikuwa umesimama mwishoni mwa mstari. Mninga mbichi, mwekundu, bado unanukia. Tundu la utambi limezibwa kwa nta laini. Chini aliketi mtu mdogo, magoti kifuani, kitambaa begani, na kidole gumba cha kulia kimepinda. Mama alimwambia Tobias kwa upole aondoke na makreti yake. Mjomba Omari alipopata habari alituma neno kwamba hataki nyumba, hataki minara, hataki hata kutajwa.

Hivyo nyumba ilibaki kwa mama, kama mjomba alivyotaka, na lori halikutuchukua. Lakini mama hakufurahi ndani yake hata siku moja. Kila jioni aliketi mbele ya mnara wa kumi, kibiriti mkononi. Alijua jinsi ya kumwita ndugu yake arudi. Alijua pia kwamba angeulizwa mwenye taa ni nani, na kwamba nyumba hiyo ilikuwa na watu wawili tu wa kujibu, yeye na mimi. Alikitikisa kibiriti kile, akasikiliza njiti zinavyogonga, akakirudisha chini ya mto. Alifanya hivyo mpaka alipofariki.

Nimemzika mwaka huu. Arobaini imepita, na shehe ameniuliza mama ameacha nini, na vile vinyago vina thamani gani. Nimemwambia sijui.

Kibiriti nilikizika pamoja naye. Mafuta ya taa hayaingii tena nyumbani mwangu, natumia kuni na nalala gizani. Sijaugusa mnara wa kumi. Naapa sijaugusa. Lakini leo asubuhi, jua lilipoanza kuchoma, nilikuwa nafagia chumbani nikaiona nta yake imedondoka sakafuni, kipande kizima. Niliiokota. Upande wa ndani, ule uliokuwa umetazama chini ya tundu, una alama ya kidole gumba kilichopinda.