Mkalimani wa Bibi Therese

Kila Jumamosi asubuhi Kokushubira na bibi yake, Therese, walianika kahawa uani kwao Kamuli, wilayani Kyerwa. Kokushubira alikuwa darasa la sita. Nyumbani walizungumza Kinyambo, kwa sababu bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu.

Jino lilipomuuma Kokushubira wiki mbili mfululizo, bibi alimpeleka hospitali, na Kokushubira ndiye akawa mkalimani. Daktari Benitha alimchoma sindano ya ganzi, akatoboa jino, akasafisha ndani, akaweka dawa na kuliziba kwa muda.

“Mwambie bibi mrudi baada ya wiki moja. Bado sijamaliza,” alisema.

Kokushubira aliiwaza ile sindano. Akamgeukia bibi, akasema kwa Kinyambo, “Anasema amemaliza. Nimepona.”

Kweli maumivu yalitulia. Jumapili bibi alipeleka mkungu wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu, akamsimamisha mjukuu wake mbele ya waumini. Watu walipiga makofi. Kokushubira aliinamisha kichwa. Sasa angeanzaje kusema ukweli?

Wiki ya tatu tangu watoke hospitali, jino likaanza kupwita. Alitafunia upande mmoja. Alijifunika kanga hadi shavuni, akidai ana mafua. Bibi alipopakua ndizi na maharage, Kokushubira alisema ameshiba. Uongo mmoja ulizaa mwingine, naye hakuona pa kutokea. Darasani hakumsikia mwalimu; alilisikia jino tu.

Asubuhi moja aliamka shavu limevimba hadi chini ya jicho.

“Koku! Nini hiki? Si ulipona?” bibi aliuliza.

Kokushubira alipiga magoti. “Bibi, nilikudanganya. Daktari alisema turudi.”

Bibi alichukua kitenge chake, wakaenda barabarani kutafuta pikipiki.

“Shikamoo, daktari,” Kokushubira alisema kwa sauti ndogo, kisha akaeleza yote.

“Marahaba,” Daktari Benitha alijibu, akilichunguza shavu. “Mara ile nilitoa kiini kilichooza, ndiyo maana maumivu yaliisha. Lakini mzizi wa jino una mfereji mwembamba, na bakteria walibaki humo. Dawa niliyoweka ilikuwa ya kuwapunguza tu mpaka urudi. Leo kuna uvimbe, ganzi itachelewa kushika, kwa hiyo tutangoja. Ukisikia maumivu, inua mkono, nami nitaacha.”

Aliinua mkono mara mbili. Mara zote mbili daktari aliacha, akaongeza ganzi. Usaha ulitoka, mfereji ukaoshwa kwa dawa. Walirudi tena na tena kwa tarehe walizopewa, mpaka jino likazibwa moja kwa moja.

Siku ya mwisho, wakitoka hospitali, bibi alisimama njiani.

“Mjukuu wangu, maumivu kutulia siyo kupona. Tiba huisha daktari anaposema imeisha. Nami mle ndani sikuwa na masikio mengine ila yako. Siku nyingine ukiogopa, niambie unaogopa. Ningekushika mkono.”